Gung-ho ni sifa ama ni tusi?

Mwana_Shela: Salaam jamani. Kuna wageni niliwapeleka Manda Toto na mashua, kusi yavuma vizuri mi nikatweka tanga lote tukaenda mbio kweli kweli, basi waliporudi kwao wakaandika kwenye ukurasa wetu eti nahodha ni gung-ho. Mwanangu aniambia ni mtu mwenye hamu na kazi yake, mwenzangu hapa gatini asema nimetusiwa. Na mbona hilo neno halina hata sura ya Kizungu?

Langoni_77: Ni la Kichina hilo bwana 😄 Wajapani walipoivamia China 1937 viwanda vingi viliharibiwa, Shanghai hasa, sasa 1938 vikaanzishwa vyama vya ushirika wa viwanda, mmoja wa waanzilishi alikuwa Rewi Alley, mtu wa New Zealand. Jina lenyewe la Kichina refu, wakalikata ikabaki gung ho, ya kwanza ina maana ya kazi na ya pili ni kuungana. Kulikuwa na afisa wa Marekani, Evans Carlson, alilisikia kule China likamkaa, na 1942 alipopewa kikosi chake ndo akalifanya kaulimbiu, mpaka vikao vyao ambavyo askari wa chini aliruhusiwa kusema la moyoni mbele ya wakubwa vikaitwa hivyo hivyo. 1943 ikatoka filamu ya jina hilo, basi likaenea.

bintiMalindi: Kumbe harambee ya Kichina!

Langoni_77: Harambee ni ya Carlson, kwa Wachina ilikuwa kifupi cha jina la chama tu.

bintiMalindi: Sawa ila sa hizi hakuna anayelitumia kwa ushirikiano. Mi nashinda na wageni huku Malindi, wakimwita mtu gung-ho ni yule anayerukia jambo kwa mori hata hajaangalia mbele, sisi tungesema ana kimbelembele. Mara nyingine wanasifu, mara nyingine wanakuuma na kupuliza. Hebu tuandikie walivyoandika wenyewe.

Mwana_Shela: "Too gung-ho for us". Nyota tatu.

bintiMalindi: Eeh hiyo too ndo jibu lako ami 😂 ukibeba wageni punguza tanga.

Mwana_Shela: Wallahi upepo wenyewe ulikuwa mdogo!