MREJESHO: Vile visiwa vya Tonga nilivyouliza, nimeenda

Wakuu, si niliuliza kama inafaa kwenda Ha'apai, kundi la visiwa kule Tonga, nchi ya Pasifiki, au nitaboreka mpaka basi? Nimeenda. Ndege toka Auckland, New Zealand, hadi Tongatapu, kisiwa kikuu, nikaunga kandege kadogo mpaka kisiwa cha Lifuka huko Ha'apai, halafu boti hadi kisiwa cha 'Uiha, na boti yenyewe usiulize ratiba, mwenyeji wako anampigia mwenye boti, imetoka hiyo.

Kijijini nguruwe wanajitembelea tu mpaka ufukweni. Mimi walionimaliza ni kina mama wa ngatu, ile nguo ya magome, wamekaa mstari wanagonga gome kwa rungu la mbao juu ya gogo, linatanuka kidogokidogo, ko ko ko asubuhi nzima, kulala usahau.

Aliyesema Jumapili hamna kitu alisema kweli, Jumapili kuwa siku ya mapumziko ipo mpaka kwenye katiba yao, duka limefungwa, kuogelea hakuna, ni kanisani (kwaya zao balaa!) halafu msosi wa umu, magimbi na nyama vimefukiwa shimoni na mawe ya moto, aisee nilikula.

Wanaume msizurure vifua wazi, ni kosa kisheria. Bebeni keshi. Mnaoulizia nyangumi, nendeni kati ya Julai na Oktoba.