Kitenge cha damu ya mzee kinaonekana chekundu kwa mteja mmoja na kimepauka kwa mwingine: kosa liko wapi?

Mpigapicha wa Kariakoo

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaomba msaada wenu katika jambo lililonitia hasara na aibu. Kwa miaka mitatu sasa ninawapigia picha wafanyabiashara wa vitenge hapa Kariakoo, nao huzituma picha hizo kwa wateja wa mikoani, ambao huagiza mzigo kwa kuangalia picha tu. Mwezi uliopita kamati ya harusi kutoka Mwanza iliagiza doti 40 za kitenge cha rangi ya damu ya mzee kwa ajili ya sare. Mzigo ulipofika, mama mwenyekiti wa kamati alipiga simu kwa uchungu akisema kwamba hiyo siyo nguo waliyoichagua, kwa kuwa kwenye simu yake ilikuwa nyekundu ya kuwaka kama pilipili iliyoiva. Mjumbe mwenzake naye alisema kwamba yeye aliiona imepauka, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Nilipofuatilia, niligundua kwamba walitumiwa faili mbili tofauti za picha ile ile. Mama mwenyekiti alipata niliyoihariri kwenye laptopu yangu, ambayo skrini yake huonyesha rangi hafifu, hivyo huwa ninazikoleza kidogo kabla ya kukabidhi kazi. Mjumbe alipata faili iliyotoka moja kwa moja kwenye kadi ya kamera, _DSC2214.JPG, kwa sababu mwenye duka alikuwa na haraka siku ile. Kamera ni Nikon. Nguo yenyewe ninayo hapa mezani na hailingani na picha hata moja kati ya hizo mbili. Nianzie wapi kurekebisha?

Msawazishaji, Mombasa

Pole sana, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kueleza kwa kina, kwa sababu jibu la nusu ya tatizo lako limo katika jina la faili uliloliandika. Kamera za Nikon zikiwa zimewekwa katika uwanda wa rangi (yaani wigo wa rangi ambazo namba za picha zinaweza kuzieleza) wa sRGB huziita picha zake DSC_2214. Alama ya mstari wa chini ikihamia mwanzoni, kama ilivyo kwako, maana yake ni kwamba kamera imewekwa katika Adobe RGB, uwanda mwingine ulio mpana zaidi. Canon nazo hufanya vivyo hivyo: IMG_ hugeuka kuwa _MG_. Huenda wewe au mtu aliyekuuzia kamera aligusa mpangilio huo zamani na hakuna aliyeukumbuka tena.

Uwanda wa sRGB ulibuniwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996, ukawa kiwango cha kimataifa mwaka 1999, na ndio ambao vifaa vingi hudhani picha imo ndani yake pasipo maelezo mengine. Adobe RGB ilitolewa mwaka 1998, na upana wake wa ziada uko zaidi upande wa kijani na feruzi, ili kuwafaa watu wa uchapaji. Faili ya picha hubeba namba tu, na namba peke yake haisemi rangi, kama vile ukiambiwa sokoni "tano" hujui kama ni kilo tano au vibaba vitano. Kinachosema kipimo ni profaili iliyobandikwa ndani ya faili. Wekundu kamili ambao katika sRGB huandikwa 255, katika Adobe RGB huandikwa takribani 219. Programu isiyosoma profaili, au iliyopokea picha ambayo profaili yake imeondolewa njiani ilipobanwa, huichukua hiyo 219 kama namba ya sRGB na kuonyesha wekundu uliofifia. Hivyo ndivyo, kwa maoni yangu, mjumbe wako alivyoona nguo iliyofuliwa.

Kwa mama mwenyekiti kisa ni kingine. Laptopu nyingi za bei nafuu zina skrini zinazoonyesha takribani asilimia 60 tu ya rangi zilizomo katika sRGB, kwa hiyo hata picha iliyo sahihi huonekana hafifu kwako. Wewe ukaona upungufu wa skrini ukadhani ni upungufu wa picha, ukakoleza. Faili hiyo ikafika kwenye simu ambayo huenda ina kioo cha AMOLED kilichowekwa katika hali ya kukoleza rangi, hali ambayo simu nyingi hutoka nayo dukani, na simu nayo ikaongeza chumvi juu ya chumvi yako. Damu ya mzee ikawa pilipili.

Ningekushauri uache kabisa kuhariri rangi kwa kuiamini skrini hiyo. Tafuta skrini ya nje yenye kioo cha aina ya IPS inayoonyesha sRGB yote, hata iliyotumika, kisha uisawazishe kwa kipima rangi, yaani kile kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo na kusoma rangi ambazo kioo hicho kinazionyesha. Datacolor na Calibrite wanavitengeneza, na si lazima ununue. Wapigapicha wanne au watano mnaweza kuchangia kimoja, kwa kuwa kila mtu hukihitaji mara moja tu kwa mwezi. Lenga weupe wa Kelvini 6500, gama (namna mwangaza unavyopanda kutoka giza hadi weupe) ya 2.2, na mwangaza wa kandela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Mwangaza huo utauona mdogo siku ya kwanza, lakini ukihariri kwenye skrini iliyowashwa hadi mwisho, picha zako zitatoka na giza kila zinapochapwa.

Kwenye kamera rudisha sRGB. Picha za zamani zilizo katika Adobe RGB zibadilishe kuwa sRGB, na hapo uwe mwangalifu sana, kwa sababu programu za kuhariri zina amri mbili zinazofanana kwa jina: moja huzikokotoa namba upya ili rangi ibaki ile ile, nyingine hubandika tu lebo mpya juu ya namba za zamani na kuiharibu rangi. Unayoitaka ni ile ya kukokotoa. Unapohifadhi JPEG ya kukabidhi, hakikisha pia kwamba umeruhusu profaili ibandikwe ndani ya faili.

Mchapaji wa Picha, Dodoma

Nakubaliana na ndugu wa Mombasa kuhusu profaili, ila nadhani ameanzia katikati ya safari. Mimi huchapa picha za wapigapicha wengi, na picha za nguo zinazoniletea shida kubwa ni zile ambazo rangi yake iliharibika kabla kamera haijafungwa. Ndugu yetu wa Kariakoo, unapopiga picha mbele ya duka, juu yako kuna nini? Maturubai ya bluu yaliyotandazwa juu ya vibanda huchuja jua, na kila kitu kilicho chini yake hupakwa bluu, pamoja na karatasi nyeupe na uso wa muuzaji. Macho ya binadamu huizoea bluu hiyo kwa dakika chache, hivyo hutaiona, kamera haizoei. Ndani ya duka nako kuna taa za tyubu zenye ukijani na ukuta wa pinki unaorudisha rangi yake juu ya kitambaa.

Nunua kadi ya kijivu, iweke juu ya kitambaa, piga picha moja nayo kisha endelea bila kadi, ukihakikisha mwanga haubadiliki. Wakati wa kuhariri, bonyeza kidonoo cha mizani ya weupe (zana ya programu inayorekebisha rangi zote ili kijivu kiwe kijivu kweli) juu ya kijivu hicho na utumie thamani hiyo kwa picha zote za mfululizo huo. Piga katika faili ghafi (RAW, yaani data ya kamera kabla haijageuzwa kuwa JPEG) ukiweza, kwa sababu faili ghafi haifungwi na uchaguzi wa sRGB au Adobe RGB, wala mizani ya weupe haijakolea ndani yake.

Mama Vitenge, Nairobi

Mimi si fundi bali ni muuzaji, na nimejifunza kwamba simu ya mteja siwezi kuisawazisha. Wengi huacha ile hali ya kupumzisha macho usiku ikiwa imewashwa, na nyeupe yote huwa ya manjano. Kila picha yangu huwa na karatasi nyeupe pembeni, na ninamwambia mteja: "Ukiona karatasi si nyeupe, basi na kitenge usikiamini." Kwa oda ya sare, kaka, ninatuma kipande cha nguo kwa basi kabla ya kupokea malipo yote. Nauli ya kifurushi ni ndogo kuliko doti 40 zinazorudishwa.

Mpigapicha wa Kariakoo

Ninawashukuru wote kwa moyo mkunjufu. Kamera kweli ilikuwa katika Adobe RGB. Sasa majina ya faili yanaanza na DSC_. Nimeazima skrini ya IPS na kipima rangi kwa rafiki, na nimehamishia kazi kwenye mlango wa nyuma wa duka, ambako hakuna turubai. Jana nilikiweka kitenge cha damu ya mzee kando ya skrini, mwanga wa mchana ukiingia dirishani, na kwa mara ya kwanza sikuona tofauti ya maana kati ya nguo na picha. Nimeituma kwenye simu nne za majirani: tatu zinakubaliana, na ya nne ilikubali baada ya kuiondoa katika hali ya kukoleza.

Limebaki jambo moja. Kuna kitenge cha zambarau ambacho, pamoja na kadi ya kijivu, kinatoka bluu. Vitenge vingine vyote vya siku hiyo viko sawa.

Msawazishaji, Mombasa

Hilo si kosa lako, na kadi ya kijivu haiwezi kulimaliza. Vichujio vilivyo juu ya kihisi cha kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga, havioni mwanga kama jicho linavyouona, na baadhi ya rangi za kutia nguo, hasa za zambarau, huangukia pale ambapo kamera na jicho hutofautiana zaidi. Ukipata kadi ya ColorChecker yenye miraba 24, unaweza kuitengenezea kamera yako profaili yake chini ya mwanga wa mlango huo, na mara nyingi zambarau husogea karibu na ukweli. Usipoipata, shika kipande cha nguo kando ya skrini yako mpya na usogeze bluu na zambarau peke yake katika picha hiyo mpaka vilingane, bila kuigusa mizani ya weupe. Weka kumbukumbu ya marekebisho hayo, maana mzigo mpya wa kitenge hicho utakapoingia, utayahitaji tena.