Mrejesho: koo la mama baada ya upasuaji

Asanteni wote. Niliuliza namna ya kumkinga mama na maumivu ya koo baada ya nusu kaputi, maana anaimba kwaya hapa Jinja na upasuaji wa kwanza ulimwachia sauti ya kukwaruza. Safari hii tulimweleza daktari wa usingizi mapema. Alichagua mpira mwembamba zaidi wa kupumulia, ule unaopitishwa kooni mgonjwa akiwa usingizini, akamchoma deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na lile puto dogo linalozunguka mpira huo karibu na ncha yake ya ndani akalipima kwa mashine ndogo yenye mshale, shinikizo lisizidi sentimita 30 za maji. Wengine hulikadiria kwa vidole tu, na likijaa kupita kiasi hubana koo kwa ndani. Mama aliamka na mkwaruzo kidogo; kesho yake ukaisha. Mwenye mgonjwa, ulizia hicho kipimo kabla ya siku yenyewe.