Mdogo wangu kachaguliwa kwenda misheni Afrika ya Kati: hela, karatasi na maandalizi. Naomba ushauri

Mwanakiwalani
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu ni koplo, fundi magari JWTZ. Yumo kwenye orodha ya wanaojiandaa kwenda MINUSCA, misheni ya UN ya kulinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa mwaka mmoja. Shemeji ameambiwa na watu kwamba UN inalipa dola 1,400 na ushee kwa mwezi kwa kila askari, kwa hiyo wanataka wakope benki wamalizie nyumba kabla hajaondoka, marejesho yatoke kwenye hizo dola. Mama naye halali usingizi, kila akisikia misheni anakumbuka Semuliki, ile kambi ya Kongo walikouawa askari wetu 2017.

Naomba wenye uelewa mnisaidie: hiyo hela ikoje hasa? Ni karatasi gani ziachwe nyumbani? Na yeye kama fundi ajipangeje? Naomba kuwasilisha.

Bwakila
Mkuu, umefanya vizuri hukutaja namba ya kikosi wala tarehe. Endelea hivyohivyo, na shemeji aambiwe asiiweke status.

Kuhusu hela, msimamishe shemeji leo hii. Hizo dola zipo, ila si mshahara wa askari. Baraza Kuu la UN liliweka kiwango cha dola 1,448 kwa mwezi kwa kila askari kuanzia Julai 2022, na fedha hiyo hulipwa kwa SERIKALI iliyotoa kikosi. Ni fidia ya gharama: mshahara na posho ambazo serikali inamlipa askari wake, sare na vifaa vyake binafsi, vipimo vya afya, usafiri wa ndani ya nchi na mafunzo ya kabla ya kuondoka. Kiwango ni kilekile kwa Mtanzania, Mrundi, Mnepali na Mfaransa. Askari anapata kiasi gani kutoka serikalini ni uamuzi wa nchi yake, na hilo aulize ofisi ya mhasibu wa kikosi chake, apate jibu lenye maandishi.

Inayotoka UN moja kwa moja mpaka mkononi mwa askari ni ndogo sana: dola 1.28 kwa siku, pamoja na dola 10.50 kwa siku za likizo ya mapumziko, zisizozidi 15 kwa kila miezi 6. Piga hesabu ya mwaka: 467.20 jumlisha 315, unapata dola 782.20. Hiyo haijengi nyumba.

Hadithi za "jamaa alirudi na hela ndefu" mara nyingi zinahusu ofisa aliyekwenda kama mwangalizi wa kijeshi au ofisa wa makao makuu ya misheni. Hao hawamo kwenye kikosi, hupewa na UN posho ya kujikimu, na wanajitegemea chakula na malazi. Kundi tofauti kabisa.

Mchukuzi wa Tandale
Kumbe 1.28! Na mtaani kuna watu wameshapandishiwa mahari kwa sababu ya misheni 😂

Bwakila
Niongezee jambo moja. Hata hiyo fidia ya serikali haifiki kila mwezi. UN hulipa kwa robo mwaka, tena inategemea nchi wanachama zimelipa michango yao. Mdaiwa mkubwa ni Marekani, ambayo ndiyo inayopangiwa zaidi ya robo ya bajeti ya ulinzi wa amani. Isipolipa, nchi zenye askari zinasubiri. Mkopo wa benki hausubiri. Kama lazima wakope, wakope kwa kupimia mshahara wake wa kawaida, ule ambao angeupata hata angebaki kambini.

Nyundo na Spana
Swali la fundi naomba nilichukue mimi, maana watu hawajui kwamba fundi wa misheni anashika pochi ya nchi.

Nchi na UN husaini makubaliano yanayotaja kila kitu: deraya (magari ya kivita) ngapi, malori mangapi, jenereta, mitambo ya maji, silaha. Kwa kila kimoja UN inalipa kodi ya mwezi. Nchi nyingi huchagua mkataba ambao vifaa ni vyao na matengenezo ni juu yao, vipuri vikiwemo. Wakaguzi wa misheni hukagua vikifika, halafu kila robo mwaka. Hawasomi vitabu tu, wanataka gari liwake mbele yao, litembee, breki zishike, taa ziwake, jeki na tairi la spea viwepo. Gari lililolala zaidi ya saa 24 mfululizo linahesabiwa halifanyi kazi. Katika kila kundi la magari, yanayofanya kazi yakishuka chini ya asilimia 90 ya idadi ya mkataba, malipo yanakatwa. Na kasoro zikizidi asilimia 10 katika taarifa mbili za ukaguzi zinazofuatana, makato yanahamia hadi kwenye zile 1,448 za askari. Kwa maana hiyo deraya tatu zilizokosa betri zinapunguza hela ambayo askari wa miguu ameifanyia kazi kwa doria.

Nini kinaua magari kule? Vumbi la udongo mwekundu, matope na kusimama muda mrefu. Filta ya hewa isafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema na ibadilishwe ikichoka, kwani vumbi likipita, pete za pistoni zinaliwa na injini inaanza kula oili. Maji yaliyotuama chini ya tangi la dizeli yanaharibu pampu na nozeli, kwa hiyo akamue kitenganisha maji kila asubuhi, hasa masika. Gari lisilo na safari liwashwe na litembezwe hata ndani ya kambi, la sivyo betri zinakufa na mipira ya breki inakauka.

Halafu vipuri. Mizigo ya misheni hii hushushwa bandari ya Douala, Kameruni, ndipo ifuate barabara mpaka ndani. Ukiagiza fanibelti siku ilipokatika umeshachelewa. Kikosi kinachoingia hukuta vifaa vya kinachotoka, kinapokezana. Siku ya makabidhiano asisaini orodha kwa kuhesabu tu. Afungue boneti, asome namba za injini, aandike kila kasoro, na orodha ya vipuri ailinganishe na aina ya magari yaliyopo kweli. Kontena likiwa limejaa filta za lori ambalo halipo, tatizo ni la aliyesaini.

Mzalendo wa Karen
Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku kwetu Nairobi maswali ni hayohayo. Naongeza mambo mawili ambayo hayakutajwa.

La kwanza, huko wanaendesha upande wa kulia. Sisi na nyinyi tunaendesha kushoto, na magari yetu usukani uko kulia. Ukipeleka lori lenye usukani kulia kwenye barabara ya kulia, dereva haoni mbele anapotaka kuovateki. Lazima mtu wa pembeni amwangalizie, na wawe wamefanya mazoezi kabla. Kwenye mzunguko pia watu hukosea kwa mazoea, hasa usiku wakiwa wamechoka. Fundi naye huendesha anapojaribu gari, kwa hiyo lisichukuliwe kuwa la madereva peke yao.

La pili ni lugha. Mashariki mwa Kongo, Goma na Beni, Kiswahili kinakupeleka sokoni na kinakupa habari za usalama kutoka kwa akina mama wa shamba. Afrika ya Kati hakikufikishi mbali. Huko ni Kisango na Kifaransa. Ajifunze walau salamu ("balao") na asante ("singila"), kisha maneno ya Kifaransa ya kazi: simama, shusha, polepole, hatari, maji, daktari. Kwenye kituo cha ukaguzi kutoelewana kwa neno moja kunaweza kuishia kwenye risasi.

Mafunzo yenyewe kila nchi ina kituo chake, sisi tuna kituo cha IPSTC hapa Karen, Nairobi, nyinyi mna kile cha Kunduchi. Mtaala wa msingi wa UN ni mmoja wenye moduli tatu: UN inavyofanya kazi, majukumu ya misheni, na mwenendo wa mlinda amani mmojammoja. Asilale darasani kwenye ile ya tatu.

Daktari wa Zamu
Afya. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na cheti cha njano akitunze pamoja na pasipoti. Nyingine atapangiwa na daktari wa jeshi.

Linalowaangusha Watanzania ni malaria, kwa sababu ya ile imani ya "sisi tumeizoea". Anayekulia Dar kinga yake ni ndogo kuliko anavyodhani, na Afrika ya Kati maambukizi ni makali. Akiandikiwa doxycycline, ni miligramu 100 kila siku, aanze siku 1 au 2 kabla ya safari, aendelee wakati wote, NA wiki 4 baada ya kurudi nyumbani. Hizo wiki 4 ndizo zinazorukwa. Mtu anafika Airport, anakumbatiwa, dawa anaitupa, baada ya siku chache anatetemeka na nyumbani wanasema ni uchovu. Aimeze na chakula na maji mengi, asilale papo hapo, inaunguza koo. Inafanya ngozi iungue na jua pia, kofia na mikono mirefu visaidie. Homa yoyote baada ya kurudi, apime siku hiyohiyo na amwambie mhudumu ametoka wapi.

Majeruhi: kanuni ya UN ni 10-1-2. Huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, matibabu ya dharura ndani ya saa 1, upasuaji ndani ya saa 2. Zile dakika 10 si za daktari, ni za mwenzake aliye karibu. Ajue kufunga mkanda wa kuzuia damu kwa mkono mmoja, gizani, na pakiti yake ya huduma ya kwanza ikae mahali palepale kama ya wenzake wote.

Hati Safi
Karatasi za kuacha nyumbani, kwa uzito wake:

Majina kwanza. Linganisha kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, akaunti ya benki na kumbukumbu za jeshi. "Hamisi" huku na "Khamis" kule inatosha kukwamisha malipo ya familia. Kukiwa na tofauti, aape kiapo cha majina mbele ya wakili sasa hivi, akiwa hapa.

Fomu ya ndugu wa karibu jeshini aikague upya. Wengi waliijaza wakiwa makuruta, wakaandika jina la baba, na baba ameshafariki. Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa vya RITA.

Hati ya uwakilishi kwa shemeji iwe ya mambo yaliyotajwa waziwazi: kufuatilia kiwanja fulani, kusaini kwa fundi wa ujenzi, kushughulikia ada. Msimpe mtu hati ya "mambo yote". Wosia nao aandike, hauleti kifo.

Mwanakiwalani
Wakuu, nimejifunza mengi, mkopo umesimama kwanza. Naomba kwa ajili ya mama: Semuliki ilikuwaje, na inaweza kujirudia?

Bwakila
Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na waliodhaniwa kuwa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Ndugu zetu 14 waliuawa siku hiyo, na wengi kujeruhiwa. Lakini usilinganishe misheni bila kuangalia majukumu. Waliokuwa Kongo walikuwa chini ya ile Brigedi Maalumu iliyoundwa kwa azimio 2098 la Baraza la Usalama la UN, Machi 2013, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iliyopewa kazi ya kuvishambulia vikundi vyenye silaha. MINUSCA kazi yake ya kwanza ni kulinda raia. Hatari ipo, ila ni ya aina nyingine: kuviziwa njiani, na madaraja mabovu.

Uchunguzi wa UN haukumlaumu askari mmoja. Ulisema misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu na kuwatoa watu, na kwamba amri na udhibiti, ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia vilipungua. Mafunzo pia yaliguswa. Mama mwambie ukweli huo, na mwambie kwamba vikosi sasa vinatakiwa kufanya mazoezi ya kulinda kambi na kuokoa waliozingirwa.

Mama Ushauri
Limebaki linaloonewa haya. Juni 2023 UN ilitangaza kurudisha nyumbani kundi la askari 60 wa Tanzania kutoka magharibi mwa Afrika ya Kati, baada ya madai ya unyonyaji wa kingono dhidi ya 11 kati yao. Ona hesabu hiyo: 11 wanadaiwa, 60 wanarudi. Azimio 2272 la mwaka 2016 linaruhusu kikosi kizima kurudishwa. Mahakama ya kumshtaki ni ya nchi yake.

Mipaka iko hivi: aliye chini ya miaka 18 ni marufuku, hata kama sheria ya kule inaruhusu, na "nilidhani mkubwa" si utetezi. Kutoa hela, chakula, sabuni au kazi ili upate ngono ni marufuku. Fundi yuko karibu na jaribu hili kuliko anavyofikiri, kwa sababu ana dizeli, ana makopo matupu, na getini wapo watu wenye njaa wanaovitaka. Chochote cha kambi kisitoke kwa mkono wake.

Kijana wa Mbagala
Samahani kuingilia uzi. Mimi ni raia, nina leseni ya daraja C. Naweza kuomba UN niende kama mlinda amani?

Bwakila
Kama askari hapana, UN haiajiri askari mmojammoja, inaomba vikosi kwa serikali. Anayekuuzia "fomu za UN" kwa pesa ni tapeli. Njia za raia ni ajira za kiraia kwenye tovuti rasmi ya ajira za UN na mpango wa wajitolea wake, na kuomba ni bure. Kwa misheni hii Kifaransa kitakupa nafasi kuliko hiyo leseni.