Tupeane uzoefu: Wachezaji wa Pokémon wa Kigoma na Tabora, timu zenu mlizijengaje?

Mzee wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni.

Inbox yangu imejaa vijana wanaosema "kaka, naomba timu." Wamenyukwa Showdown (tovuti ya kupigana Pokémon), wanadhani kuna timu ambayo ukiibandika tu mambo yananyooka. Nimeona tufungue uzi mmoja, kila mwenye uzoefu aseme timu yake ilianzia wapi, nani aliingia, nani alitemwa na kwa sababu gani. Nazungumzia mechi za mtu kwa mtu, siyo kumaliza stori ya game. Stori unaimaliza hata na Pokémon mmoja uliyempandisha leveli mpaka basi.

Kwa wageni: Pokémon ni viumbe wa kwenye game, unapanga sita wako wapigane na sita wa mwenzako. Game hii inatufaa watu wa huku kwa sababu ni ya zamu. Wewe unachagua, mpinzani anachagua, ndipo mapigo yanatoka. Mtandao ukisuasua kidogo hujapoteza kitu, siyo kama game za bunduki ambazo ukirudi hewani unakuta umeshazikwa. Showdown inafunguka kwenye brauza ya simu, ni bure, na Pokémon wote wapo tayari, hukamati wala hulei. Wenye Nintendo Switch hapa mjini karibu wote tunafahamiana.

Haya, yangu. Nilianza na Gyarados, kwa sababu moja tu: ni wa majini na ana hasira. Gyarados ni aina ya Maji na Anga, kwa hiyo pigo la umeme linamuumiza mara nne ya kawaida, na la mwamba mara mbili. Sasa badala ya kutafuta Pokémon mwingine mkali, nikajiuliza: umeme ukija, nani anaingia badala yake? Garchomp. Yeye ni Joka na Ardhi, umeme haumgusi hata chembe, na mwamba unamkwaruza nusu. Lakini Garchomp naye barafu inampiga mara nne, halafu majoka wenzake na wa aina ya Fairy wanamwonea. Nani anaingia hapo? Heatran, Moto na Chuma, hivyo vitatu vyote anavipunguza. Heatran udhaifu wake ni ardhi mara nne, maji, na ngumi. Mrudishe Gyarados: ardhi haimfikii, maji na ngumi anakula nusu.

Mmeona? Watatu hao wanazungushana, kila mmoja anaingia kwenye pigo linalomuua mwenzake. Hapo ndipo nilipoelewa game hii. Nafasi tatu zilizobaki sikujaza kwa majina, nilijaza kwa kazi: mmoja wa kuondoa mitego, mmoja mwenye mbio wa kumalizia mechi, mmoja wa kukaa ukutani na kupokea vipigo. Stealth Rock, yaani mtego wa mawe upande wa mpinzani, anaiweka Garchomp mwenyewe.

Nani anafuata?

Kauzu

Nimekaa mbele kabisa, na karanga zangu.

Mama Migebuka

Asante kaka kwa uzi. Kabla hamjaanza kuniita "mkuu", mimi ni dada yenu, nipo Kibirizi.

Mimi sichezi mmoja mmoja, nacheza wawili wawili, ule mfumo wa mashindano rasmi. Unakuja na sita, mpinzani anakuja na sita, mnaonyeshana, halafu kila mtu anachagua wanne wa kuingia nao. Wote wanahesabiwa leveli 50, na hakuna Pokémon wawili wa timu moja kushika kifaa kinachofanana. Kwa hiyo msidanganyike kwamba mnajenga timu ya sita. Unajenga makundi kadhaa ya wanne yanayokaa ndani ya sita. Mtu ambaye wanne wake ni wale wale kila siku, ukimkuta mara ya pili umeshammaliza.

Jambo la kwanza lililonibadilisha ni Earthquake. Kwenye mmoja mmoja ni pigo zuri halina maneno. Kwenye wawili wawili linampiga kila aliye uwanjani, pamoja na mwenzako uliyesimama naye. Tena nguvu yake inashuka hadi asilimia 75 kwa sababu linasambaa. Kwa hiyo Garchomp wangu nikamtafutia mwenza anayeruka, nikampata Talonflame. Huyu ana kipaji kinaitwa Gale Wings: afya yake ikiwa imejaa, mapigo yake ya Anga yanatangulia. Na Tailwind ni pigo la Anga! Basi raundi ya kwanza Talonflame anawahi kupuliza upepo, kasi ya upande wetu inakuwa maradufu, Garchomp anatikisa ardhi, Talonflame yuko juu huko haguswi. Mpinzani asipokuwa na Protect (ya kujikinga) hapo anaanza kuandika "gg" mapema.

La pili ni Incineroar. Kila mtu anamsifia kwa Intimidate, akiingia tu anashusha shambulio la wapinzani wote wawili. Mimi nampenda, lakini nikimwona Kingambit kwenye sita za mwenzangu, Incineroar hatangulii ng'o. Kingambit wengi huja na Defiant: ukimshusha hatua moja anajipandisha mbili. Umemtisha, ametoka na nguvu kuliko alivyoingia. Kuna kaka mmoja wa Gungu alikuwa ananisubiria hapo kila mechi, anamweka Kingambit mbele makusudi. Siku nilipomwacha Incineroar nje kabisa na kuleta wanne wengine, alikaa kimya mpaka muda wake wa kuchagua ukakaribia kuisha.

Ule muda wa kutazama sita za mwenzio ndiyo mechi yenyewe. Asubuhi hapa mwaloni mnunuzi wa dagaa akishika beseni namwangalia mikono, najua kama anataka au anapita. Na kwenye game ni vivyo hivyo, sita za mtu zinakuambia anachotaka kufanya. Ukimwona Torkoal, mwenye kasi ya 20 tu, pembeni ya mtu anayejua Trick Room, basi mbio zako zote zinaenda kugeuzwa kuwa mzigo, kwa raundi tano wazito ndio wanaotangulia. Weka mtu wa kuzuia hilo mapema.

Mtoto wa Isevya

Shikamoo dada Migebuka, umeshusha darasa.

Mzee wa Mwanga, mimi nakupinga kidogo. Hao vijana wape timu. Nipo Tabora hapa, nilijifunza kwa kunakili timu za mfano ambazo tovuti ya Smogon huwa wanaziweka, nikazicheza kama zilivyo bila kugusa kitu. Ukianza kujenga mwenyewe hujui hata ukipigwa umepigwa na nini: timu mbovu au wewe mbovu? Timu iliyopimwa inakuondolea swali moja. Baadaye ndiyo unaanza kufukua, kwa nini huyu ana pointi hivi, kwa nini nature ile (tabia inayopandisha namba moja na kushusha nyingine).

Na kwenye namba ndiko wengi wa kwetu wanakoachia mechi. Chukueni huyo Garchomp mnayempenda wote. Kasi yake ya asili ni 102. Ukimpa EV (pointi unazomgawia) 252 za kasi na nature ya Jolly, ile ya kasi, leveli 100 anafika 333. Ukimpa Adamant ili apige zaidi, anabaki 303. Sasa pale katikati kuna msululu wa Pokémon wenye kasi ya asili 100, akina Volcarona, Zapdos na Charizard, ambao wakijazwa na kupewa nature ya kasi wanafika 328. Jolly unawatangulia kwa pointi tano. Adamant wanakutangulia wote. Pointi tano hizo ni tofauti ya kumpiga Volcarona kabla hajacheza Quiver Dance, ngoma yake ya kujipandisha nguvu na kasi, na kumpiga akiwa ameshacheza, na akishacheza karibu mnaanza kukunja mkeka.

EV zote ni 510, moja ikijaa ni 252. Wengi wanajaza shambulio, wanajaza kasi, zinazobaki wanatupia popote. Siyo vibaya kuanzia hapo. Ila Pokémon wa ukutani ukimjaza kasi umempoteza bure, hana anayemkimbiza.

Mzee wa Mwanga

Mtoto wa Isevya nimekusoma. Kunakili sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni mtu aliyenakili, ukimuuliza huyu wa nne anafanya nini hapa, anakuambia "ndivyo nilivyomkuta."

Kauzu

Mimi yangu fupi. Nilikuwa nacheza timu za kuchosha: Toxapex, Blissey, kila mtu anajiponya, mpinzani anapiga mpaka anachoka roho. Nilikuwa nashinda vizuri sana. Tatizo mechi moja inaenda raundi zaidi ya mia, simu inakufa chaji, umeme umekatika Katubuka nzima, nahesabiwa nimeshindwa huku nimebakiza Pokémon watano. Nimehamia timu za kushambulia. Nikifa nife mapema nikalale.

Mama Migebuka

😂😂 Kauzu kweli jina lako.

Ticha wa Kasulu

Naona mnazungumzia simu tu. Ngoja niwape ya wakati sisi hatuna simu.

Nilisoma bweni Tabora, na bweni simu ni kosa la kurudishwa nyumbani. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, kwao kulikuwa na kompyuta, alikuja na daftari la hesabu la kurasa mia mbili amenakili Pokémon kwa mkono: aina, namba sita za kila mmoja, mapigo. Jedwali la aina lilikuwa limebandikwa nyuma ya mlango wa kabati, la aina 17, maana Fairy alikuwa bado hajaletwa (aliingia mwaka 2013). Jioni baada ya prepu tunapigana kwenye karatasi. Kila mtu anaandika pigo lake kwenye kikaratasi, mnafunua pamoja, refa anapiga hesabu na kufuta afya kwa penseli.

Shida ikawa mapigo yanayokosa. Tukachukua soksi safi, tukatia vikaratasi kumi vyenye namba. Ukitumia Hydro Pump, ambayo hupata kwa asilimia 80, unachomoa: moja hadi nane imepata, tisa na kumi imepita pembeni. Surf haichomolewi, inapata tu. Wote tulitaka Hydro Pump kwa sababu enzi hizo nguvu yake ilikuwa 120 na ya Surf ni 95. Kulikuwa na jamaa mmoja mpole, Mnyamwezi wa Sikonge, yeye Surf tu. Sisi tunapiga kelele soksi ikitolewa, yeye anaandika "Surf" na kunyamaza. Aliongoza msimamo wa bweni muhula mzima.

Alieleza mara moja tu, baada ya kubanwa. Alisema timu yake ameipanga hivi kwamba 95 inatosha kuua wale anaotaka kuwaua, sasa 120 ya nini? Yaani alianza na mpinzani, akarudi nyuma kwenye pigo. Leo kuna vikokotoo vinakuambia pigo hili litakula asilimia ngapi za huyu, na watu hawavifungui. Yeye alifanya kwa penseli.

Daftari lilikamatwa kwenye ukaguzi. Tunaamini mwalimu wa zamu alilisoma, maana alikaa nalo sana.

Kijana wa Urambo

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Naombeni mnikague, nacheza mmoja mmoja. Sita wangu: Charizard, Talonflame, Volcarona, Gyarados, Dragonite, Garchomp. Nashambulia vizuri ila nikifika katikati ya mechi naisha ghafla, sielewi.

Mtoto wa Isevya

Stealth Rock. Funga uzi.

Mzee wa Mwanga

Marahaba mdogo wangu. Usimsikilize huyo, nitakueleza taratibu.

Stealth Rock ni mawe yanayotandazwa upande wako, na kila Pokémon wako anayeingia anaumia kulingana na mwamba unavyompata. Asiye na udhaifu anapoteza asilimia 12.5. Gyarados na Dragonite wanapoteza robo. Charizard, Talonflame na Volcarona nusu nzima ya afya, kwa kuingia tu, kabla hawajapiga wala kupigwa. Akitoka na kurudi mara ya pili, amekufa mlangoni. Na Dragonite kipaji chake cha Multiscale kinapunguza pigo nusu akiwa na afya kamili, mawe yakimgusa hana tena. Kwa hiyo sita wako, watano wanaliwa na pigo moja ambalo mpinzani analitumia mara moja tu. Garchomp peke yake ndiye anayekwaruzwa kidogo tu, asilimia 6.25.

Fanya hivi. Talonflame atoke, aingie Great Tusk mwenye Rapid Spin, afagie hayo mawe. Angalia tu mpinzani asiingize Pokémon wa aina ya Mzimu, maana Rapid Spin inampita. Halafu Charizard na Volcarona uwavalishe Heavy-Duty Boots, mawe hayawaumizi kabisa. Huku mmoja mmoja kinachokatazwa ni kurudia Pokémon tu, kifaa unarudia, wote wawili wanavaa. Na katika Charizard na Volcarona mmoja anatosha. Mimi ningemtoa Charizard, nafasi yake aende Chuma yeyote wa kupokea barafu.

Kijana wa Urambo

Nimeelewa Talonflame. Ila Charizard jamani…

Mama Migebuka

Mwacheni mtoto na Charizard wake. Mwaka 2014 kule Washington, D.C., Se Jun Park wa Korea Kusini alichukua ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kale kakindi ka umeme ambako hakuna aliyekuwa anakahesabu.

Mtoto wa Isevya

Dada, Pachirisu alikuwa na kazi. Anatumia Follow Me, mapigo yanayolenga mmoja yanamfuata yeye, na kipaji chake kinameza umeme, Gyarados anabaki salama pembeni anaua watu. Na walikuwamo Garchomp na Talonflame pia. Siyo mapenzi yale, ni hesabu. Charizard wa huyu kijana kazi yake nini?

Kijana wa Urambo

Kazi yake anachoma.

Mtoto wa Isevya

Volcarona naye anachoma.

Kijana wa Urambo

Basi atoke Volcarona. Talonflame ametoka, Great Tusk ameingia, Heatran nimemchukua kwa Mzee, Charizard ameshavaa Boots. Jina langu la Showdown nimekutumia inbox Mtoto wa Isevya, bando langu linaisha saa sita usiku, njoo sasa hivi na huyo Garchomp wako wa 333.