Rivolva za Mjerumani: zikae kabatini kwa mtu au ziende tanuruni?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi, maana nyumbani kwetu limetugawa tangu mwezi wa nane.

Baba mkubwa, kule Kondoa, alikuwa anabomoa tembe la marehemu babu ili ainue nyumba ya bati. Kwenye ukuta, usawa wa bega, ikadondoka ngozi ya mbuzi iliyokauka kama ubao. Ndani yake rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka na kushika risasi. Nzito, karibu kilo moja, mtutu mrefu, chini ya kitako kuna pete ya kupitishia kamba, na ubavuni kushoto kuna kiwiko kidogo cha kuifunga isifyatuke, kitu ambacho rivolva nyingi hazina. Nimekuwa nikisoma habari za silaha za zamani tangu niko sekondari, kwa hiyo nilipotumiwa picha niliitambua: Reichsrevolver, modeli ya 1879 ya jeshi la Ujerumani, risasi ya milimita 10.6. Nikampigia simu hapohapo nikamwambia asiiguse tena, kwa sababu kwenye picha matundu mawili ya silinda yalionekana bado yana risasi. Baruti ya zamani si ya kuifanyia majaribio.

Siku ya tatu alifika dalali kwa bodaboda na milioni mbili taslimu. Baba mkubwa alimfukuza, akaenda kwa mtendaji wa kijiji, wakaongozana hadi polisi, akakabidhi, akapewa karatasi. Alipouliza itaenda wapi, akajibiwa kwamba itawekwa na nyingine zilizosalimishwa, na siku ikifika zitateketezwa zote pamoja.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Binamu yangu yuko hapa Dodoma mjini na ana uwezo wake. Yeye anasema tumefanya ujinga. Anataka sheria iwape wakusanyaji kibali cha kumiliki rivolva za kale zenye risasi adimu: hii ya 10.6, zile za Kifaransa za milimita 11 za 1873, Nagant za Kibelgiji za 9.4. Hoja yake ni kwamba hakuna duka linalouza risasi hizo, hivyo bastola imebaki chuma tu, sawa na saa mbovu ya ukutani. Ananitajia Marekani, ambako sheria ya 1968 inahesabu bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla ya hapo kuwa kitu cha kale, si silaha ya kuombea kibali.

Nakiri hoja hiyo ilinivuta. Mimi mwenyewe ningependa kuwa nayo, niifungue taratibu niangalie ilivyofanya kazi. Ile haikuwa na kitu cha kutolea maganda. Askari alifungua kilango cha upande wa kulia akayasukuma moja moja kwa kijiti. Unapigana huku unachokonoa silinda! Lakini nimesoma yaliyowapata Waingereza, na nimebadili mawazo.

Uingereza walikuwa na utaratibu uleule anaoutaka binamu. Walitengeneza orodha ya risasi zilizopitwa na wakati, na bastola ya kale inayotumia risasi iliyomo kwenye orodha uliruhusiwa kukaa nayo bila leseni, mradi iwe pambo. Wahalifu wakaisoma orodha ile kuliko wakusanyaji. Mtu mmoja mwenye biashara halali ya silaha akawa anaingiza rivolva za kale na kuzitengenezea risasi nyumbani kwake kwa mkono, zikaishia kwa magenge. Alifungwa miaka 30 mwaka 2017. Mwaka 2021 serikali yao ikaondoa aina saba kwenye orodha, na mojawapo ni hii hii ya Kijerumani ya 10.6. Zile za Kifaransa za 1873 zimo pia, na 9.4 ya Kiholanzi. Yaani mbili kati ya tatu alizozitaja binamu.

Sasa jiulizeni, hapa kwetu ambako fundi wa kijijini anatengeneza gobore zima kwa bomba na mti wa mninga, risasi kuwa adimu kutamzuia nani?

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa Ulaya hawana, na sisi tunalijua vizuri. Mali za Mjerumani. Kila mmoja wenu amewahi kumsikia mtu mwenye ramani, mtu mwenye mashine ya kutafutia vyuma, mtu anayetaka kuchimba chini ya mbuyu au nyuma ya boma kwa sababu eti Mjerumani alifukia rupia pale alipokimbia. Watu wameuza mashamba kwa ajili ya hadithi hizo. Makaburi yamefukuliwa. Ukitangaza leo kwamba bastola ya Mjerumani inamilikiwa kihalali na ina soko, hakuna ukuta wa boma la zamani utakaobaki umesimama kuanzia Mpwapwa hadi Kilimatinde. Yule dalali wa milioni mbili atarudi na wenzake kumi.

Kwa hiyo kabatini kwa mtu, hapana. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 ibaki kama ilivyo kwa hizi pia.

Lakini na mama naye sikubaliani naye. Mama ni Mgogo wa Mpwapwa, na yeye anasema iyeyushwe, tena leo. Bibi yake alinusurika Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, na mama amekua akisikia majina ya waliokufa njiani. Aliponiambia, "Mtu hatunzi fimbo aliyopigiwa," nilinyamaza. Nimelifikiria neno lake wiki nzima.

Mtunya haikuletwa na ukame peke yake. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza: Waafrika Kusini waliokuwa upande wa Mwingereza waliingia Kondoa Aprili 1916, Mjerumani akawashambulia usiku wa tarehe 9 Mei akashindwa, na tarehe 29 Julai Dodoma ikatwaliwa. Majeshi yote mawili yalikula Ugogo. Ng'ombe walichukuliwa, mtama na uwele vikachukuliwa maghalani, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baadaye, nyumbani hakukuwa na cha kuuza wala mtu wa kulima.

Na hapa ndipo rivolva inaposema kitu. Askari wetu weusi hawakubeba rivolva. Wao walipewa bunduki ndefu, wengi wao zile za zamani za modeli ya 1871 zinazotoa moshi hadi adui anajua ulipo. Rivolva ilikaa kiunoni kwa ofisa na wakubwa wachache, kwa yule anayesimama zizini na kusema chukueni hawa. Ni chombo cha mtoa amri. Mama akisema ni fimbo, yuko sahihi kabisa. Mimi nasema fimbo ile ndiyo ushahidi. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, lililorudishwa 1954, na watu wanakwenda kulitazama, wanasimama kimya. Hakuna aliyesema lifichwe kwa sababu linauma.

Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inakilinda moja kwa moja kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863. Milango ya kuchongwa inalindwa hadi ya kabla ya 1940. Modeli ya 1879 inaangukia katikati: kwa polisi ni silaha haramu, kwa mambo ya kale bado ni changa. Basi inaenda na mafungu ya magobore.

Ninachokitaka ni kidogo. Kabla ya kuteketeza, aitwe mtu mmoja wa mambo ya kale apitishe macho. Ile yenye historia itolewe pembeni, mtutu uzibwe kwa chuma, silinda itobolewe isishike risasi tena, ihifadhiwe kwenye makumbusho ya umma, tena hapa hapa makao makuu ya nchi, si kila kitu kipelekwe Dar es Salaam. Na aliyeisalimisha aulizwe ilitolewa wapi, nani aliificha, walisema nini juu yake. Hilo la mwisho kwangu ni kubwa kuliko chuma chenyewe. Babu aliitia ukutani, hakuiuza, hakuitupa mtoni. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na sasa hayupo.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu tangu jana:

Aliyesema ikizibwa mtutu thamani inapotea: kwa mnunuzi wa Ulaya, ndiyo. Sizungumzi juu yake.

Ndugu wa Manyoni aliyeandika kwamba kwao kuna mzee ana "bastola ya kuvunjika katikati": kwa maelezo yako hiyo inafanana na Webley ya Mwingereza, .455. Usimwache aichezee kwa kuamini risasi zake hazipatikani. Zinapatikana. Mpeleke kwa mtendaji kwanza, muende pamoja, asibebe peke yake ndani ya basi.

Na wewe uliyesema nathamini vyuma kuliko watu, soma tena sehemu ya mama.

Kabla baba mkubwa hajaondoka nayo nilimwomba apige picha ya alama zilizogongwa kwenye kitako. Nimezinakili kwenye daftari: herufi mbili, nukta, nambari, nukta, nambari. Kwenye silaha za Wajerumani alama za namna hiyo hutaja kikosi na nambari ya chombo ndani ya kikosi. Kama yupo hapa anayeweza kuzisoma za kikosi cha huku kwetu, aandike hapa chini. Rivolva yenyewe ingali kituoni, na siku ya kuteketeza haijatangazwa.