Nahamia Ujerumani: chumba cha WG au nyumba yangu peke yangu?

Mgeni_Njiani
Wakuu habari zenu. Visa imetoka jana, namshukuru Mungu. Naondoka mwezi ujao kwenda Ujerumani na bado sijafunga pa kukaa. Nimepata sehemu mbili. Ya kwanza ni WG ya watu wanne, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu tunachangia. Ya pili ni nyumba ya chumba kimoja, naishi mwenyewe, ila ni tupu. WG ni nafuu. Kwa anayeanza, kipi bora? Wa pili anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Kitasa
Mkuu, mji gani? Unakwenda kusoma au kazini? Na kodi uliyotajiwa ni Kaltmiete (bila gharama za joto na maji) au Warmmiete (pamoja nazo)? München na Leipzig haziko karibu kabisa kwa kodi. Ukituficha hayo tutakushauri gizani.

Bi_Rehema
Kuna swali linalotangulia hayo yote: utaruhusiwa kujiandikisha hapo? Ukishahamia una wiki mbili za kufanya Anmeldung, yaani kuandikisha anwani yako serikalini, na tangu Novemba 2015 ni lazima mwenye nyumba akupe karatasi iliyosainiwa ya kuthibitisha umehamia kwake, Wohnungsgeberbestätigung. Usipojiandikisha, barua ya namba ya mlipa kodi haitakufikia, na mengi yatakwama hapo. Ukisikia "kaa tu, ila usijiandikishe", achana naye.

JuaKali_Ruhr
WG, tena usijiulize mara mbili. Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni ya umma, ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne mnagawana. Kijerumani changu nacho nimekipata jikoni, kwa kuosha vyombo na watu. Darasani nilijifunza kujaza mapengo tu.

Mwanamvua
Mdogo wangu, hilo neno "tupu" lisome vizuri. Mimi nilichukua nyumba peke yangu kwa sababu nilitaka utulivu. Nilifika Novemba, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Nafungua mlango, nabonyeza swichi, hakuna kitu. Darini zinaning'inia nyaya mbili, taa hamna. Jikoni hakuna jiko, hakuna sinki, ni mabomba mawili yametoka ukutani yamezibwa. Nilidhani nimeibiwa, kumbe mpangaji aliyetoka alihama na jiko lake, na kule ni jambo la kawaida. Nililala juu ya koti, mgongo kwenye kipasha joto, namulika kwa simu.

Hilo lilipita. Lililoniumiza ni barua. Wiki sita nasubiri kadi ya benki, na ya bima ya afya nayo kimya. Nikipiga simu naambiwa zimetumwa na zimerudi. Siku moja mzee wa ghorofa ya chini akanikuta nalia kwenye ngazi. Hakuuliza sana. Akanishika mkono hadi kwenye masanduku ya barua, akanionesha langu: bado lina jina la mtu wa zamani. Akarudi kwake, akaja na kipande cha karatasi na gundi ya utepe, akaniambia niandike jina langu kwa herufi kubwa. Kadi ilifika wiki iliyofuata. Kwenye WG yupo mtu angeniambia hilo siku ya kwanza.

Kitasa
Pole sana dada. Lakini WG nazo tusizipake asali. Niliishi na mtu aliyefungua madirisha yote Januari, asubuhi na jioni. Tunalipia joto halafu linakwenda nje.

JuaKali_Ruhr
Huyo alikuwa anawasaidia, Kitasa. Dakika chache, wazi kabisa, kisha unafunga. Usipofanya hivyo ukungu mweusi unaota kwenye kona, na mwenye nyumba anaweza kukukata kwenye Kaution, ile amana unayoweka kwake.

Kitasa
Dakika chache sawa. Huyo alikuwa anasahau nusu saa.

Mgeni_Njiani
Samahani wakuu, nilibanwa. Ni Leipzig, nakwenda kusoma. Sperrkonto, ile akaunti ya mwanafunzi inayofungwa na kutoa kiasi maalumu kila mwezi, inanipa euro 992 kwa mwezi. Wa nyumba tupu amesema yuko nje ya nchi, nikituma Kaution ya miezi miwili atanitumia funguo kwa posta.

Bi_Rehema
USITUME. Nakuomba kama mwanangu. Huyo ni tapeli, na hiyo nyumba huenda si yake. Hata aliye mwenye nyumba kweli, Kaution haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, la kwanza mkataba unapoanza. Funguo hazinunuliwi kwa posta.

Mwanamvua
Na kwa nini hujaomba hosteli za Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi? Zina vitanda na meza. Foleni ni ndefu, lakini omba leo hii.

Mgeni_Njiani
Asante mama, nilikuwa nakwenda benki kesho asubuhi. Hosteli naomba usiku huu. Wale wa WG wametaka tuonane kwa video Jumapili, wote watatu. Chumba kinaanza wiki mbili baada ya mimi kufika, sijui hizo siku nikae wapi.

Bi_Rehema
Waulize nani atakusainia ile karatasi. Anza na hilo.

JuaKali_Ruhr
Na bafu lina dirisha au halina? Waambie wakuoneshe.

Kitasa
Nusu saa, JuaKali. Kila siku.